Mvua za kwanza Dodoma: majani yameota, usilegeze ulinzi wa mifugo

Mwishoni mwa Novemba, ukipita Bahi, Chamwino au Mvumi, utasikia wafugaji wakisema kwa furaha, "Sasa ng'ombe wameokoka." Mimi hapo ndipo wasiwasi unaponianza. Mkoa wetu una msimu mmoja tu wa mvua, milimita 500 hadi 700 hivi kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Maana yake, mvua inamkuta mnyama ambaye ameng'ang'ania mabua makavu kwa miezi mingi na mbavu zake zinahesabika. Analowa usiku kucha, kesho yake anajaza tumbo majani machanga yaliyojaa maji. Anaharisha, nguvu kidogo iliyobaki inamwishia, analala chini na kushindwa kunyanyuka.

Kwa hiyo usiwaachishe chakula kikavu ghafla. Kwa wiki tatu za mwanzo, kila asubuhi kabla ya kufungulia zizi, wape mabua ya uwele au nyasi kavu ulizobakiza, ili waende malishoni njaa ikiwa imepungua makali. Mashudu ya alizeti yanapatikana hapa kwetu na kwa jirani zetu wa Singida. Kama yako ni machache, wape kwanza wenye mimba na wanaonyonyesha. Dume aliyekonda anaweza kusubiri, jike mwenye ndama tumboni hawezi.

Sasa nizungumzie mtama, kwa sababu hapa watu hupoteza ng'ombe wazima katika saa moja. Tukishavuna, tunaacha visiki shambani. Mvua ya kwanza ikinyesha, visiki vinachipua majani laini ya kijani, na ng'ombe mwenye njaa anayakimbilia. Machipukizi hayo yana sumu ya sianidi, jamii ileile ya sumu iliyomo kwenye muhogo mchungu. Mtama mchanga uliopandwa nao unayo, na ule ulionyauka mvua inapokatika katikati ya msimu ndio wa kuogopwa zaidi. Dalili huja haraka: mnyama anahema kwa nguvu, anatetemeka, anayumba, ufizi unakuwa mwekundu uliokoza, kisha anaanguka. Ukiona hivyo, watoe wote shambani mara moja na umpigie daktari wa mifugo palepale, maana dawa yake ipo lakini lazima iwahi. Usingoje jioni uone ataendeleaje.

Kinga yake haina gharama. Usiingize mifugo kwenye shamba la mtama uliochipua, na mtama uliosimama usiwalishe kabla haujapita kimo cha paja la mtu mzima. Mabua yaliyokaushwa vizuri juani baada ya mavuno hayana hatari hiyo, nayo ndiyo akiba yetu kubwa. Watoto wanaochunga waelezwe jambo hili waziwazi, tena waonyeshwe shambani. Mara nyingi ndio wanaokuwa na ng'ombe saa hiyo, na mtoto asiyejua hana kosa.

Kupe nao huamka na mvua. Anza kuogesha kila wiki mara tu majani yanapoota, na pima dawa kama kibandiko kinavyoelekeza. Ukiizimua ili itoshe ng'ombe wengi, unawafundisha kupe kuizoea. Baada ya kuogesha, kagua kwa mkono ndani ya masikio, chini ya mkia na kwenye kiwele. Ndama mwenye homa na tezi zilizovimba chini ya sikio huenda ana ndigana kali, na huyo ni wa kutibiwa siku ileile. Dawa ya minyoo wape mwanzo wa mvua na tena mwishoni, kwa kukadiria uzito wa kila mmoja.

Mbuzi hawavumilii kulowa. Zizi la miiba lisilo na paa linatosha kiangazi, ila wakati wa mvua vitoto hupata homa ya mapafu humo. Banda dogo la kichanja, sakafu ikiwa imeinuliwa juu ya tope, litawaokoa wengi. Punda tunamsahau zaidi. Kiangazi chote amebeba madumu ya maji, na mvua ikija anaachwa nje, ingawa manyoya yake hayazuii maji vizuri. Mpe mahali pa kujikinga, na vidonda vya mgongoni vipone kabla hujamfunga tena mzigo.

Kuna kazi za kumaliza kabla ya wingu la kwanza. Kuku wachanjwe kideri, tone moja jichoni, na chanjo irudiwe kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja ina dozi nyingi, hivyo kubalianeni majirani mchanje siku moja. Wachanje wakiwa wazima, kwani kuku aliyekwisha kuugua chanjo haimsaidii. Mbwa wa boma naye anahitaji kivuli na maji katika joto la Oktoba, na chanjo ya kichaa kila mwaka. Mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo hata kama ni mkwaruzo.

Mwaka mvua zikizidi kawaida, madimbwi yakajaa mbu, kumbukeni 2007. Homa ya Bonde la Ufa iliingia Tanzania baada ya mvua kubwa, na Dodoma ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoumia zaidi, mifugo na watu. Dalili ya kwanza zizini ni mimba kuharibika mfululizo na ndama na wanakondoo wachanga kufa. Ukiiona, mwarifu afisa mifugo wa kata siku hiyo. Usishike kondo la nyuma wala kitoto kilichotoka kwa mikono mitupu, usichinje mnyama anayeumwa, na maziwa yote ya nyumbani yachemshwe.