Rubani wenu hakurudi vitani na hana kaburi nyumbani: namna ya kumkumbuka

Hii naandikia familia ambazo kijana wao alikuwa anarusha ndege za kivita za jeshi letu la Tanzania, JWTZ, akaenda vita ya Kagera ya kupigana na Idi Amin wa Uganda, hakurudi, na mpaka leo kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, hakuna kaburi lake. Huku kwetu Moshi mnajua uzito wa jambo hilo, mtu anafia Dar, anafia Mwanza, anafia hata Marekani, watu watachanga usiku kucha aletwe azikwe kwenye migomba ya baba yake, sasa huyu mmoja hakuletwa, na kwa kuwa hana kaburi basi hata kutajwa anatajwa harakaharaka, "huyo alikufa vitani", yameisha. Kwetu baba mdogo alikuwa hivyohivyo miaka yote. Kwa hiyo ninayosema hapa ni yale tuliyofanya sisi pamoja na niliyojifunza kwa familia nyingine, na neno langu kubwa ni moja tu, msianze na jiwe wala marumaru, anzeni na habari zake, maana jiwe lisilo na habari litabaki jina tu na wajukuu watapita hapo kama wanavyopita kwenye ukuta.

Cha kwanza kabisa ni wazee, na hili halisubiri Desemba watu warudi nyumbani. Vita ilianza 1978, kijana aliyekuwa na miaka 25 wakati ule leo ameshavuka 70, yaani kila mwaka unaopita kuna mtu anaondoka na kipande cha habari. Halafu kumbukeni hizi ndege za kivita, MiG-21 na zile F-6 za Kichina, zina kiti kimoja, rubani yuko peke yake mle ndani, kwa hiyo hakuna mwenzake aliyekaa pembeni atakayekuja kusema ilikuwaje. Wanaojua ni wa aina mbili, marubani walioruka naye siku ile kila mmoja na ndege yake, na mafundi wa chini. Familia nyingi zinawatafuta marubani na makamanda tu, mafundi wanasahaulika, na kwa kweli hao ndio wana mambo. Sisi tulimpata mzee mmoja sasa hivi anakaa Arusha, alikuwa fundi wa ndege, akatuambia "mimi ndiye nilimfunga mikanda, nikafuta kioo, nikashuka nikatoa ngazi", akatueleza na namna alivyokuwa anapenda mkanda wa bega la kushoto ulegezwe kidogo. Shangazi aliposikia hilo la bega alilia sana, kumbe aliliumiza utotoni alipoanguka kwenye mti wa parachichi na pale nyumbani aliyelikumbuka ni yeye tu. Habari ya namna hiyo hamtaipata kwenye faili lolote.

Kuwapata watu hawa anzeni na wanajeshi wastaafu wa hapo mtaani kwenu, wanajuana sana, mmoja atakupa namba ya mwingine, na upo Muungano wa Wanajeshi Wastaafu Tanzania, MUWAWATA, waulizeni pia. Mkienda nendeni kwa heshima, shikamoo, kaeni, semeni ninyi ni nani wa marehemu, na msimbane mzee kwa maswali kama polisi, wengine mambo yale bado yanawauma. Ombeni ruhusa ya kurekodi kwa simu. Akikataa andikeni mkifika nyumbani siku hiyohiyo.

Tarehe ndizo zinasumbua. Mzee hakumbuki siku ila anakumbuka tukio, kwa hiyo usimuulize "ilikuwa lini", muulize ilikuwa kabla au baada ya jambo fulani. Majeshi ya Amin yalivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Mwalimu Nyerere akatangaza vita tarehe 2 Novemba. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya ilitaka kupiga Mwanza, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane yakaua wanyama, watu wa Mwanza wanalikumbuka sana hilo. Mwezi huohuo wa Machi Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana hapahapa Moshi kupanga serikali yao, na mzee wa Moshi yeyote wa umri huo analijua. Kampala ilianguka 11 Aprili, vita ikaisha kabisa mwanzoni mwa Juni. Ukiweka habari ya mzee katikati ya matukio mawili hapo unaanza kupata mwezi, wakati mwingine hata wiki.

Karatasi sasa. Fungueni lile sanduku la bati la bibi, kila familia inalo, mtoe barua, picha, vyeti, taarifa ya kifo kutoka jeshini kama ipo. Picha geuzeni nyuma, mara nyingi kuna mwandiko wa studio au wa yeye mwenyewe. Zipigeni picha kwa simu mchana, nje lakini kivulini, msizitoe kwenye albamu kwa nguvu zitachanika. Mnachotafuta hasa ni majina yake kamili kama yalivyoandikwa jeshini, namba yake ya jeshi, cheo, na kikosi, kwa sababu mkiandika barua Makao Makuu ya Jeshi kuomba taarifa bila hivyo vitu mtasubiri bure, majina yanafanana mno. Barua iandikwe na ndugu wa karibu, mke au mtoto au mdogo wake, ieleze uhusiano na ambatanisheni nakala, sio orijino, orijino haitoki nyumbani.

Mkishakusanya, andikeni habari yake mkitenganisha: hiki kimeandikwa, hiki mtu alikiona kwa macho, hiki kimesikika tu. Msichanganye ili ionekane nzuri. Na kama kuna simulizi kwamba alidunguliwa kimakosa na upande wetu, au ndege iliharibika yenyewe, msiifiche. Alipanda ile ngazi akijua anakwenda wapi, heshima yake haipungui kwa namna alivyoanguka.

Kuhusu kaburi, watu wanauliza inawezekana vipi kuweka jiwe na mwili haupo. Inawezekana. Nendeni mkaangalie makaburi ya vita ya Waingereza hapo Moshi mjini, kila jiwe lina jina, cheo, kikosi, tarehe, basi, maneno machache na hayajachoka. Na wale marubani wao ambao hawakuonekana kabisa wamewaandika ukutani, kule Runnymede Uingereza kuna majina zaidi ya 20,000 ya wanaanga wasio na kaburi linalojulikana. Kwa hiyo jiwe lenu lisiseme "hapa amelala", liseme "kwa kumbukumbu ya", jina kamili, cheo, ndege aliyorusha, alipozaliwa, tarehe kama mna uhakika nayo na kama hamna wekeni mwaka. Kabla fundi hajachonga, mpeni shangazi au baba mkubwa asome herufi kwa herufi. Pembeni pandeni isale, ule mmea wa heshima wa Wachaga, wazee watawaelekeza upande gani.

Mjane wake aitwe. Hata kama aliolewa kwingine, hata kama kulikuwa na maneno kuhusu shamba, aitwe na akae mbele. Alimsubiri mtu huyu bila kuambiwa kitu cha maana na wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa. Ongeeni naye mapema, ninyi wawili watatu tu, asikutane na jambo hilo mbele ya ukoo mzima.

Siku yenyewe Desemba ni nzuri watu wote wamerudi, ongeeni na paroko au mchungaji mapema maana wakati huo ratiba zao zimejaa. Misa au ibada, kisha asomwe, yaani ile habari mliyoandika isomwe yote kwa sauti na mtoto wa ukoo, halafu ndio mbege na chakula. Wengine wanapendelea 25 Julai, Siku ya Mashujaa, ni sawa kabisa, ila msafiri wa Dar hapati likizo kirahisi.

Mkiwa na uwezo nendeni Kaboya kule Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita ile, hata kama wa kwenu hayumo, wenzake wamo. Panda basi la Bukoba unashukia Muleba, ni safari ndefu, wazee wapumzishwe njiani. Kaboya ni eneo la jeshi, ombeni ruhusa kabla hamjatoka nyumbani, na simu zikae mfukoni mpaka mwambiwe mnaruhusiwa kupiga picha.

Habari iliyoandikwa na zile rekodi wekeni sehemu zaidi ya moja, msitegemee grupu la WhatsApp la familia, simu zinapotea. Nakala moja iliyochapishwa ibaki kwenye sanduku la bibi, nyingine kwa mjane, na mpelekeeni na yule fundi wa ndege ya kwake, asome, na kama kuna mahali mmekosea arekebishe kwa peni.