LP kwa wanaoanza: kutoa maji ya uti wa mgongo bila kumtoboatoboa mgonjwa

Haya maintani na maCO (matabibu) mlioingia wodini juzi, LP haina ugumu mnaouogopa, kinachowashinda wengi wala sio sindano, ni mkao wa mgonjwa. Asipokunjika vizuri utagonga mfupa mpaka uchoke.

1. Jiulize kwanza kama anafaa. Upande mmoja umelegea, fahamu zimeshuka sana, ametoka kudegeka, au ukimwangalia nyuma ya jicho unakuta neva imevimba? Huyo CT skani kwanza, maana presha ya kichwani ikiwa juu ukifungua huku chini ubongo unaweza kusukumwa. Jipu pale unapotaka kuchoma, au yupo kwenye dawa za kuyeyusha damu, acha. Ila kama unashuku homa ya uti wa mgongo na CT iko mbali, chukua damu ya kalcha (ya kuoteshea vijidudu), anza antibayotiki muda huohuo, usikae unasubiri.

2. Ongea na ndugu, na hapa usiharakishe. Wengi wameshaambiwa mtu akitolewa maji mgongoni anapooza au anakufa. Waelezee kwamba kwa mtu mzima uti wenyewe unaishia L1 au L2 (pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno), huku chini tunakochoma kuna nyuzi za neva zinaelea tu kwenye maji na sindano ikija zinasogea. Halafu mwili unatengeneza kama nusu lita ya haya maji kwa siku wakati yaliyomo ni kama mililita 150 tu, kwa hiyo ukichukua 10 ndani ya nusu saa hivi zimesharudi. Wakielewa hilo saini unapata.

3. Mkao. Alale ubavu, mgongo ukingoni mwa kitanda, magoti na kidevu vije kifuani, ajikunje kama jongoo aliyeguswa. Mabega na nyonga visimame wima, asilalie mbele, na uwe na mtu wa kumshika.

4. Papasa ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, ukishuka nayo wima unakuta pingili ya L4. Choma juu yake au chini yake. Kichanga uti wake unafika L3 kwa hiyo yeye chini tu, L4-L5. Alama weka kwa kubonyeza mfuniko wa peni, wino spiriti inaufuta.

5. Glavu steraili, iodini, acha ikauke, ganzi.

6. Ingiza taratibu ukilenga kitovu, mdomo wa sindano uangalie juu darini. Utahisi ukinzani halafu inaachia ghafla, hapo toa stileti (ule waya wa ndani ya sindano) uone. Mfupa? Rudi mpaka chini ya ngozi ndo ubadili uelekeo, usipindishe ikiwa ndani. Akisema umeme umempiga mguu wa kulia basi umeenda kulia, rudisha kidogo. Damu ikitoka usipaniki, pale nje ya utando unaofunika uti kuna mishipa mingi ya vena, angalia tu kama chupa ya tatu unayokingia maji ni safi kuliko ya kwanza. Zikiwa nyekundu sawasawa, fikiria damu imevuja kichwani.

7. Pima presha akiwa amenyoosha miguu. Manomita (mrija wa kupimia presha) hamna? Mrija wa dripu na rula vinafanya kazi. Kawaida ni sm 10 hadi 20 za maji. Mgonjwa wa HIV mwenye kriptokokasi (fangasi wa kwenye ubongo) akiwa juu ya 25, mtoe maji mpaka ishuke chini ya 20 au nusu ya ilipoanzia, wengine kichwa kinapoa wakiwa bado wamelala pale.

8. Jaza chupa, pima na sukari ya damu muda huohuo (ya kwenye maji huwa kama theluthi mbili yake), peleka maabara mwenyewe, ya kalcha isiingie friji. Rudisha stileti kabla ya kuchomoa sindano, inapunguza kichwa kuuma baadae. Ile ya kumlaza chali masaa mengi haizuii kitu, akitaka kukaa mwache akae.