Anza na baki: hesabu ya msingi ya kompyuta, kuanzia saa ya Kiswahili hadi IMEI ya simu yako

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa kompyuta huniuliza waanzie wapi kwenye hisabati. Wengi wameshakabidhiwa orodha ndefu: seti, mantiki, matriki, uhusiano, grafu. Mimi huwaambia waanze na baki, lile baki la darasa la nne, kumi na saba gawanya kwa tano, jibu tatu baki mbili. Mwanafunzi akilielewa baki mpaka kwenye namba hasi, nusu ya orodha ile inaacha kumtisha. Akiliruka kwa kuwa anadhani analijua, litamfuata hadi kazini.

Mimi lilinifuata. Kazi yangu mojawapo ya mwanzo ilikuwa kutengeneza programu ya kuchapa tiketi za mabasi ya mikoani. Mteja alitaka tiketi ioneshe saa ya Kiswahili, kwa sababu abiria anayeambiwa "06:00" anaweza kufika stendi saa sita mchana. Niliona ni kazi ya mstari mmoja: chukua saa ya kompyuta, toa sita, tafuta baki kwa kumi na mbili. Nikajaribu saa 7, ikatoka 1. Nikajaribu 15, ikatoka 9. Nikakabidhi kazi. Asubuhi ya kwanza karani wa tiketi akanipigia: "Kaka, abiria wanauliza, saa sifuri asubuhi ndiyo saa ngapi?" Mabasi mengi ya mikoani yalikuwa yakiondoka saa kumi na mbili asubuhi, na saa hiyohiyo ndiyo niliyoiharibu.

Chukua daftari na kalamu. Kompyuta tutaifungua baadaye.

Hatua ya 1: Liandike baki kwa usahihi

Una maandazi 17 na unafunga mafungu ya matano matano. Unapata mafungu 3, yanabaki 2. Kwa hesabu: 17 = 5 × 3 + 2. Kwa jumla, ukigawanya namba nzima *a* kwa namba chanya *n*, unapata

a = n × q + r

ambapo *q* ni idadi ya mafungu na *r* ni baki. Sharti lake moja usiliache: r haipungui sifuri, na haifiki n. Yaani 0 ≤ r < n. Bila sharti hilo ningeweza kusema 17 = 5 × 2 + 7, na baki ni saba. Sharti ndilo linalofanya jibu liwe moja tu.

Sasa fanya -3 gawanya kwa 12. Usikimbilie kikokotoo. Tunatafuta q na r ambapo -3 = 12 × q + r, na r iwe kati ya 0 na 11. Ukiweka q = 0, r inakuwa -3, hairuhusiwi. Ukiweka q = -1, r = 9. Basi baki la -3 kwa 12 ni 9.

Fungua Python, lugha ya kuandikia programu, uandike `-3 % 12` (alama % hutafuta baki), utapata 9. Andika hivyo hivyo kwenye C, Java, PHP au JavaScript, utapata -3. Hakuna kompyuta iliyoharibika hapo. Lugha hizo nne hulipa jibu la % ishara ya namba inayogawanywa, na Python hulipa ishara ya namba inayogawanya. Mwanahisabati anataka jibu la Python. Ukiwa kwenye Java na hujui kama *a* itakuwa hasi, andika `((a % n) + n) % n` na utakuwa salama.

Hatua ya 2: Saa ya Kiswahili

Saa yetu huanza kuhesabu jua linapochomoza, kwa hiyo saa 7 ya kompyuta ni saa moja asubuhi. Kanuni yangu ya kwanza ilikuwa (s - 6) % 12. Ipime mwenyewe kwa saa zinazouma:

s = 18: (18 - 6) % 12 = 0. Tunataka 12.
s = 6: (6 - 6) % 12 = 0. Tunataka 12.
s = 3: (3 - 6) % 12, kwenye Java, ni -3. Tunataka 9, saa tisa usiku.

Makosa ni mawili, na yana asili tofauti. La pili ni lile la namba hasi. La kwanza ni kwamba baki kwa 12 hutembea kutoka 0 hadi 11, wakati saa hutembea kutoka 1 hadi 12. Dawa yake ni kushusha hesabu ianzie sifuri, kutafuta baki, halafu kuongeza moja mwishoni:

(s - 7) % 12 + 1

Halafu, kuikimbia namba hasi, badala ya kutoa 7 tunaongeza 5. Kwenye duara la kumi na mbili, kurudi nyuma hatua saba na kwenda mbele hatua tano kunakufikisha mahali pamoja:

(s + 5) % 12 + 1

Jaribu s = 18: 23 % 12 = 11, ongeza 1, ni 12. Jaribu s = 3: 8 + 1 = 9. Jaribu s = 0: 5 + 1 = 6, saa sita usiku. Zijaribu zote ishirini na nne kwa mkono. Ni dakika kumi, na ningezitumia dakika hizo kabla ya kukabidhi, karani yule asingegombana na abiria.

Hatua ya 3: Namba za chumba kimoja

Wazo la "-7 na +5 ni kitu kimoja" ndilo uti wa mgongo wa somo hili. Kwa 12, namba -7, 5, 17 na 29 zote zina baki 5. Zihesabu kama wakazi wa chumba kimoja. Mwaka 1801 Mjerumani Carl Friedrich Gauss alichapisha kitabu chake cha nadharia ya namba na humo akatumia alama ya mistari mitatu, ≡, kuonesha jambo hili: 29 ≡ 5 kwa modulo 12, yaani zina baki moja zikigawanywa kwa 12. Tunaitumia mpaka leo.

Faida yake ni hii: katika kujumlisha, kutoa na kuzidisha, unaweza kumtoa mkazi mmoja ukamweka jirani yake wa chumba kimoja, na baki la mwisho lisibadilike. Ukiulizwa tarakimu ya mwisho ya 7 kwa kipeo cha 100, huhitaji namba yenyewe. Shika baki kwa 10 peke yake: 7, kisha 49 yaani 9, kisha 63 yaani 3, kisha 21 yaani 1. Baada ya hapo mzunguko unarudi 7. Mzunguko una urefu wa nne, na 100 inagawanyika kwa nne bila baki, kwa hiyo jibu ni 1.

Siku za juma zetu zimejengwa hivyohivyo. Jumamosi ni ya mosi, Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu, Jumanne, Jumatano. Alhamisi imetoka kwenye tano ya Kiarabu, ambako hesabu huanzia Jumapili, ndiyo maana tuna siku mbili zinazojiita tano. Kwa hesabu yetu mpe Alhamisi 6, na Ijumaa 7, ambayo kwa modulo 7 ni 0. Leo ikiwa Jumanne, siku mia moja zijazo ni siku gani? 100 ina baki 2 kwa saba. 4 + 2 = 6. Alhamisi.

Kugawanya ndiko kusikoruhusiwa kiholela. Angalia: 2 × 1 = 2, na 2 × 6 = 12, zote zina baki 2 kwa kumi. Lakini 1 na 6 si wa chumba kimoja. Kwa hiyo huwezi kukata ile 2 pande zote mbili kama ulivyozoea kwenye aljebra. Ushike mfano huu, tutaurudia muda si mrefu.

Hatua ya 4: Binari, kwa haraka

Kubadili namba kwenda binari, yaani kuiandika kwa 0 na 1 tu, ni kutafuta baki kwa 2 mara nyingi. 45: baki 1, inabaki 22. Baki 0, 11. Baki 1, 5. Baki 1, 2. Baki 0, 1. Baki 1, kwisha. Soma kutoka chini kwenda juu: 101101. Hakiki: 32 + 8 + 4 + 1 = 45. Njia hiyohiyo kwa 16 inakupa heksadesimali.

Hatua ya 5: IMEI ya simu yako

Bonyeza *#06#. Utaona IMEI, namba yenye tarakimu 15. Kumi na nne za mwanzo zinaitambulisha simu. Ya kumi na tano imekokotolewa kutoka hizo nyingine, na kazi yake ni kukamata makosa ya uandishi. Njia ya kuikokotoa iliombewa hataza mwaka 1954 na Hans Peter Luhn, mhandisi wa IBM, na namba za kadi za benki nazo huitumia.

Namba yako usimpe mtu. Tutatumia hii ya kufundishia: 49015420323751, na tunaitafuta ya kumi na tano.

Hesabu kutoka kushoto. Tarakimu za nafasi witiri ziache zilivyo: 4, 0, 5, 2, 3, 3, 5. Jumla 22. Za nafasi shufwa zizidishe kwa mbili, na ikizidi 9 toa 9. 9 inakuwa 18, toa 9, ni 9. 1 inakuwa 2. 4 inakuwa 8. 0 inabaki 0. 2 inakuwa 4. 7 inakuwa 14, toa 9, ni 5. 1 inakuwa 2. Jumla 30.

22 + 30 = 52. Tarakimu ya mwisho ni ile inayokamilisha kumi, yaani inayofanya jumla yote iwe na baki 0 kwa 10. Ni 8, kwa kuwa 52 + 8 = 60. IMEI kamili ni 490154203237518. Sasa fanya na ya kwako.

Hatua ya 6: Kwa nini kuzidisha, na kwa nini kutoa tisa?

Wanafunzi wengi huishia kwenye hatua ya tano. Nakuomba usiishie hapo.

Tungejumlisha tu bila kuzidisha, mtu akiandika 45 badala ya 54 jumla isingebadilika, kosa lingepita. Kuzidisha tarakimu moja na kuacha jirani yake ndiko kunakofanya mpangilio uwe na maana.

Na kutoa tisa? Rudi kwenye 2 × 1 na 2 × 6. Kwa modulo 10 zinafanana, kwa hiyo bila kutoa tisa, mtu akiandika 6 mahali pa 1 kosa lisingeonekana. Andika jedwali la kuzidisha na kutoa tisa:

0→0, 1→2, 2→4, 3→6, 4→8, 5→1, 6→3, 7→5, 8→7, 9→9

Kila tarakimu imetokea upande wa kulia mara moja tu. Hakuna mbili zinazogongana. Kwa hiyo ukikosea tarakimu yoyote moja, jumla lazima ibadilike, na baki halitakuwa sifuri. Huo ni uthibitisho kamili, na umeuandika kwa mstari mmoja.

Sasa kosa la kubadilishana nafasi. Litapita endapo tu tofauti kati ya namba ya kulia na ya kushoto kwenye jedwali itafanana, kwa modulo 10, kwa tarakimu zote mbili. Tofauti hizo ni: 0, 1, 2, 3, 4, 6, 7, 8, 9, 0. Angalia ya kwanza na ya mwisho. Tarakimu 0 na 9 zina tofauti ileile, sifuri. Kwa hiyo kanuni ya Luhn hukamata majirani wote waliobadilishana isipokuwa 09 na 90. Ukiwa na IMEI yenye 09 ndani yake, igeuze ujionee.

Jambo moja la tahadhari. Tarehe 16 Juni 2016 simu bandia zilizimwa Tanzania, na hadi leo nasikia watu wakisema namba ikikubali hesabu hii basi simu ni halali. Si kweli. Namba ya kubuni ina nafasi moja kati ya kumi ya kukubali. Kanuni hii inamkamata mwandishi aliyekosea, haimkamati tapeli.

Hatua ya 7: Iandike

```
def tarakimu_ya_mwisho(imei14):
    jumla = 0
    for nafasi, herufi in enumerate(imei14):
        t = int(herufi)
        if nafasi % 2 == 1:
            t = t * 2
            if t > 9:
                t = t - 9
        jumla = jumla + t
    return (-jumla) % 10

print(tarakimu_ya_mwisho("49015420323751"))
```

Python huanza kuhesabu nafasi kutoka 0, ndiyo maana nafasi shufwa za kwenye daftari zimekuwa witiri hapa. Utaona 8.

Tazama mstari wa `return`. Wengi huandika `10 - jumla % 10`. Ni sawa, mpaka siku jumla itakapokuwa 50, na programu irudishe 10 mahali panapotakiwa tarakimu moja. Ni saa sifuri yangu ileile imevaa nguo nyingine. `(-jumla) % 10` haina tatizo hilo kwenye Python, lakini ukiihamishia Java kama ilivyo, kwa 52 itakupa -2. Kule tumia ile kanuni ya mwisho wa hatua ya kwanza.

Zoezi

Chukua bidhaa yoyote jikoni yenye msimbo wa mistari wa tarakimu 13. Ukianza na 620, kampuni imejisajili Tanzania. 616 ni Kenya. Zidisha tarakimu kwa 1, 3, 1, 3 kwa kupokezana hadi ya kumi na mbili, jumlisha, halafu tafuta inayokamilisha kumi. Ikishakubaliana na ya kumi na tatu, tengeneza jedwali la 3 × t kwa modulo 10 kama tulivyofanya hatua ya sita. Thibitisha kwamba kosa la tarakimu moja linakamatwa daima, kisha tafuta ni majirani gani wakibadilishana nafasi kosa linapita. Wamo watano.