Kuacha gari wiki kadhaa bila kuua betri

Gari lililofungwa na kuachwa kwenye pakingi halijalala. Alamu iko macho, kompyuta ya injini inatunza kumbukumbu zake, saa ya dashibodi inahesabu, na kama umelikatia bima kubwa huenda kuna traka imefichwa mahali ambapo hata wewe hupajui, inatuma habari usiku kucha. Vyote vinakula sahani moja. Mtu anapanda basi Desemba kwenda kwao, anarudi baada ya Mwaka Mpya, anabonyeza rimoti: kimya.

Una siku ngapi?

Gari lisilo na hitilafu, likishatulia, hunywa miliampea 20 hadi 50. Tuseme 40. Zidisha kwa saa 24, unapata karibu 1 Ah (ampea-saa, kipimo cha umeme ambao betri hubeba) kwa siku. Betri ya NS40, ile ndogo iliyo kwenye magari mengi ya saizi ya Vitz, hubeba takriban 35 Ah. Lakini usihesabu siku 35. Betri ikishuka chini ya nusu, stata haina uhakika tena wa kuzungusha injini, kwa hiyo una kama siku 17. Na hizo ni za betri iliyojaa. Gari linaloshinda kwenye jamu ya Jogoo Road, Nairobi, taa zimewaka na waipa zinapiga, mara nyingi huegeshwa likiwa na asilimia 80 hivi. Hapo zimebaki siku 10 au 11.

Hayo ni matumizi ya kawaida. Balbu ya wati 5 ya buti ambalo halikufungika vizuri hula karibu 10 Ah kwa siku, na siku mbili zinatosha kukuacha huna kitu. Taa ndogo za pakingi zikisahaulika huimaliza betri ndogo kwa usiku mmoja. Dashcam iliyowekwa irekodi hata gari likiwa limezimwa inaweza kula 5 Ah au zaidi kwa siku. Halafu kuna zile redio za skrini kubwa: fundi asiye makini huunganisha nyaya zote mbili za moto, ule wa kumbukumbu na ule wa swichi, kwenye umeme wa moja kwa moja. Skrini inazimika, lakini redio yenyewe haizimi.

Gari la kubonyeza kitufe lina tabia yake pia. Ukiliegesha chini ya dirisha na ufunguo unaning'inia ukutani hatua mbili tatu kutoka hapo, gari na ufunguo huendelea kuitana. Peleka ufunguo chumba cha mbali.

Betri pia hujipunguza yenyewe hata ikiwa haijaunganishwa na kitu, asilimia chache kwa mwezi, na joto huharakisha jambo hilo. Baridi ya Julai ya Nairobi husingiziwa bure. Betri inayofia Mombasa ina haki zaidi ya kulalamikia hali ya hewa.

Ubaya wa kuiacha ikauka hauishii kwenye asubuhi moja ya kusukuma. Betri ikitoa umeme, bamba zake za risasi hufunikwa na salfeti laini ambayo chaji huiyeyusha. Ikikaa wiki nyingi bila chaji, salfeti hiyo hugeuka fuwele ngumu zisizoyeyuka tena, na sehemu hiyo ya bamba imepotea. Ndiyo sababu betri iliyokufa mara tatu, hata ukiichaji usiku kucha, haishiki chaji kama zamani.

Pima kwanza

Nunua mita ya kidijitali. Zimejaa maduka ya Luthuli Avenue, na ile ya bei ya chini inatosha kabisa kwa kazi hii. Iweke kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Gari liwe limezimwa kwa saa kadhaa, kwa sababu betri iliyotoka kuchajiwa huonyesha namba ya kujisifu isiyokuwa yake. Gusa kichwa cha chanya kwa waya mwekundu na hasi kwa mweusi.

Ikisoma 12.6 au 12.7, imejaa. 12.4 ni kama robo tatu. 12.2 ni nusu, na hapo usiondoke kabla ya kuichaji. 12.0 ni robo. Ikiwa karibu na 10.5 hata baada ya kuchajiwa vizuri, fanya hesabu hii: betri ina vyumba sita, kila kimoja volti 2.1. Toa kimoja, unabaki na 10.5. Chumba kimoja kimekufa, na hakuna fundi wa kukifufua.

Kisha washa injini, washa na taa kubwa. Mita inapaswa kupanda kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, alteneta haichaji, na betri unayoilaumu haina kosa. Usisahau zile taa: magari mengi mapya kutoka Japani hupunguza chaji kwa makusudi ili kuokoa mafuta, na bila mzigo yanaweza kukudanganya.

Ile ya dakika kumi kila Jumamosi

Wengi humwachia mlinzi au kaka mdogo ufunguo: "Uwe unaliwasha kidogo kila wikendi." Injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma gari likiwa limesimama, betri hupokea pengine ampea 5 hadi 10. Kwa dakika kumi hiyo ni Ah 1 au moja na nusu, wakati wiki nzima imekula 7. Kila Jumamosi inakuacha na deni. Juu ya hapo injini haikupata moto wa kutosha, kwa hiyo maji ya mvuke yanabaki kwenye oili na kwenye ekzosi yakiozesha.

Kama kuna mtu unayemwamini, aliendeshe. Dakika 40 hivi kwenye Southern Bypass au Thika Road jamu ikiwa imelegea, mara moja kwa wiki, AC na redio zikiwa zimezimwa. Hata hivyo haitajaa kabisa, kwa kuwa ile asilimia 20 ya mwisho huingia polepole sana, kwa saa nyingi.

Ukikaa zaidi ya wiki mbili: toa waya wa hasi

Chini ya wiki moja, usijisumbue. Kuanzia wiki mbili hadi mwezi, njia rahisi isiyo na gharama ni spana namba 10.

1. Kama kuna traka, pigia kampuni yake kwanza. Nyingi zina betri ndogo ya ndani na hutuma ujumbe kwamba umeme umekatwa. Soma pia masharti ya bima yako: ikiwa traka lazima iwe hewani wakati wote, acha njia hii utumie chaja.
2. Funga madirisha yote. Kama betri ya gari lako iko kwenye buti na buti hufunguka kwa swichi ya umeme, hakikisha unao ufunguo wa chuma uliojificha ndani ya rimoti, na unajua unaingia wapi.
3. Zima kila kitu, toa ufunguo, subiri dakika tano.
4. Legeza nati ya hasi peke yake, ing'oe, uifunge kwa kitambaa au mpira ili isirudi kugusa. Daima hasi kwanza. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, cheche zitakuonyesha kosa lako.
5. Wakati wa kurudisha, hasi ndiyo ya mwisho.

Sasa kasoro yake. Redio nyingi za Toyota zilizokuja na gari kutoka Japani, betri ikitolewa, hujifunga na kudai namba ya siri iitwayo ERC, na utamlipa fundi wa redio kuifungua. Madirisha yanaweza kusahau kujipandisha yenyewe. Kwa magari mengi unapandisha dirisha hadi juu, unashikilia swichi sekunde chache, linakumbuka. Injini nayo huenda ikatetemeka dakika chache za kwanza inapojifunza upya. Ikiwa redio yako ni ya aina hiyo, chaja itakugharimu fedha mara moja tu, ERC itakurudia kila safari.

Kwa mwezi na zaidi, ing'oe betri kabisa uipandishe nyumbani. NS40 ina kilo 9 au 10, mzigo wa kawaida hata kwa ghorofa ya nne. N70 ya Prado ni zaidi ya kilo 15, tafuta wa kukusaidia. Ibebe wima. Kwenye mitaa ambako betri huibwa usiku, hii ina faida ya pili.

Kuichaji

Chaja nzuri ni ile inayojipunguza yenyewe betri ikijaa. Chagua ampea zilizo karibu na moja ya kumi ya uwezo: betri ya 45 Ah, chaja ya ampea 4 au 5. Ikiwa ilikuwa imeisha, ipe saa 10 hadi 12. Umeme unaotumika hautoshi hata uniti moja ya tokeni, kwa hiyo usiibanie. Chaji mahali penye hewa, balkoni ni pazuri kuliko chumba cha kulala, kwa kuwa betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, na haidrojeni haitaki sigara wala cheche. Unganisha vibanio kwanza, ndipo uwashe swichi ya ukutani.

Kama betri yako ina vifuniko vya kufungua, angalia maji. Yakiwa chini ya bamba, ongeza maji ya betri yaliyotoneshwa (distilled) hadi bamba zifunikwe tu, kisha malizia hadi kwenye alama baada ya kuchaji. Usiongeze asidi, hata fundi wa kando ya barabara akiapa. Asidi haikuvukia popote, ni maji tu yaliyopotea. Maji ya bomba nayo yana chumvi itakayoharibu bamba.

Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa umwagie maji ya moto yenye kijiko cha baking soda, usugue kwa brashi ya zamani ya meno, ukaushe, upake vaselini.

Gari likilala juani siku nzima, paneli ya sola ya wati 10 yenye kidhibiti chake hurudisha zaidi ya ile 1 Ah ya kila siku. Iunganishe kwenye betri moja kwa moja. Tundu la kiberiti kwenye magari mengi ya Japani hukatika ufunguo ukitoka, na paneli itabaki pambo. Chini ya paa la mabati, sahau.

Imeshakufa

Gari la otomatiki halisukumwi likawaka, kwa hiyo usimchoshe mlinzi. Tafuta waya za kujampia, za kuazima umeme wa betri ya gari lingine, zenye shaba nene. Zile nyembamba za bei rahisi hupata moto kabla injini haijazunguka. Vua saa na pete. Magari yasigusane.

Mwekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, ncha yake ya pili kwenye chanya ya nzima. Mweusi kwenye hasi ya nzima, na ncha ya mwisho usiiweke kwenye betri iliyokufa: ibane kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na betri, ili cheche isikutane na ile haidrojeni. Washa gari lenye betri nzima, subiri dakika tano, jaribu lililokufa. Likiwaka, ondoa kwa mpangilio wa kinyume, ukianza na kibanio cha kwenye chuma. Kisha endesha, na jioni iweke kwenye chaja. Alteneta haikuundwa kufufua betri tupu, na ukiizoesha kazi hiyo utanunua na yenyewe.

Haibridi kama Aqua au Prius ina betri yake ndogo ya volti 12, mara nyingi nyuma. Yenyewe inaweza kujampiwa, Prius nyingi zina sehemu ya chanya ndani ya sanduku la fyuzi chini ya boneti, lakini usiitumie kujampia gari la jirani.

Betri ni mpya na bado inaisha

Hapo kuna mwizi. Zima kila kitu, fungua boneti, na usukume kitasa cha mlango kwa bisibisi ili gari lidhani umefunga. Hamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la 10A. Toa waya wa hasi wa betri, uweke mita katikati: ncha moja kwenye waya, nyingine kwenye kichwa cha betri. Usiwashe gari wala swichi, utaunguza mita. Mwanzoni itasoma ampea moja au zaidi. Subiri dakika 30 mpaka kompyuta zilale. Ikitulia kwenye 0.05 au chini, uko salama. Ikiganda 0.3, chomoa fyuzi moja moja, na ile inayoishusha ghafla ndiyo yenye nyaya za mwizi. Kama hakuna inayoishusha, fuata vilivyofungwa baadaye bila kupita kwenye sanduku la fyuzi: alamu, traka, redio, taa za urembo.

Ukiwa umefika dukani kununua nyingine, beba ile mbovu, maana maduka mengi hukupunguzia bei ukiirudisha. Beba na mita. Betri "mpya" inayosoma chini ya 12.4 imekaa rafuni muda mrefu, na salfeti iliyosemwa hapo juu imeanza kazi kabla hujalipa.