Jinsi ya kulinganisha waimbaji wa jazi kwenye Summertime

Wapenzi wa jazi wa Dar, kabla hujabisha nani kaimba vizuri chukua wimbo mmoja tu, mi nasema Summertime wa George Gershwin wa 1935, pakua rekodi ya Billie Holiday ya 1936 na ile ya Ella Fitzgerald na Louis Armstrong, bando lisije likakata katikati. Sikiliza usiku na hedifoni, bodaboda zikipungua.

Kwanza shika mwendo, Billie bendi yake ndogo na imechangamka, Ella na Louis wanaenda taratibuuu, tarumbeta ya Louis inatangulia na vayolini zimejaa.

Halafu fuatilia neno linaangukia wapi kwenye biti, Billie anapenda kulichelewesha, hapo ndo utamu ulipo jamani, rudia hapo hapo. Usimpe mtu pointi kisa kapandisha sauti.