Kabla ya kununua kompyuta ya baiskeli ya kukuonyesha njia

Kwanza amua kifaa hiki kidogo cha kufunga kwenye usukani kikuonyeshe nini: mstari au ramani? Kompyuta za bei nafuu hupokea njia uliyoipanga kwenye simu, mara nyingi kama faili la GPX (faili la kuhifadhia njia), kisha zinakuonyesha mstari na kimshale chako. Ukitoka njiani zinakuambia umetoka, basi. Zenye ramani huzijua barabara, na baadhi hupanga njia upya zenyewe, ila bei yake si mchezo. Hapa Mombasa, anayetoka Nyali alfajiri kwenda Mtwapa na kurudi, mstari unamtosha kabisa.

Ukielekea kusini ndipo mambo yanapobadilika. Njia ya Likoni huvuka kwa feri, kwa hiyo usishtuke mstari ukipita juu ya maji. Njia nyingine ni Dongo Kundu, kutoka Miritini mpaka Kibundani, na kwa kuwa barabara hiyo ni mpya, ramani ya zamani huenda haina. Mimi ningeifanya kipimo pale pale dukani: mwombe muuzaji afungue ramani, muitafute pamoja. Isipoonekana, uliza ramani husasishwa vipi na kwa gharama ya nani. Mji wa Kale ni kesi nyingine. Vichochoro vimebanwa na kuta ndefu, mawimbi ya setilaiti yanagonga huku na kule, na mshale unaweza kukuonyesha uko mtaa wa pili. Huko waulize waliokaa barazani.

Kwa joto letu nachagua vitufe kuliko skrini ya kugusa, maana kidole chenye jasho huifanya skrini ifanye inavyotaka. Alama ya IPX7 maana yake kifaa huvumilia kina cha mita 1 kwa dakika 30, lakini kipimo hicho ni cha maji yasiyo na chumvi. Ukishaendesha kandokando ya bahari, kifute kwa kitambaa chenye unyevu, na usichaji tundu likiwa bado na majimaji.

Saa za betri zilizoandikwa kwenye boksi zipunguze kichwani: taa ya skrini na kuunganishwa na simu hula chaji.

Usiku wa kuamkia safari, ingiza njia, zima simu kabisa, halafu fungua njia hiyo kwenye kompyuta yenyewe. Vifaa vingine bila simu havionyeshi kitu, na heri ulijue hilo ukiwa nyumbani kuliko ukiwa Ukunda.