Namna ninavyopangia bei pikipiki iliyotumika

Jumatatu moja asubuhi kijana aliniletea Boxer BM 150 bandani kwangu hapa Msamvu, Morogoro. Ilikuwa imeoshwa mpaka spoku zinameta.

"Shikamoo, fundi. Hii nataka milioni mbili na laki tatu. Si unaona ni namba E?"

"Marahaba. Izime kwanza, mdogo wangu, tunywe chai ipoe."

Karibu kila anayeuza pikipiki huanza na herufi ya namba, na karibu kila anayenunua huanza na hiyo hiyo. Mimi naiacha mpaka mwisho, maana herufi inakwambia chombo kilisajiliwa lini tu, kazi kilichofanya haikwambii. Bodaboda anayetembea kilomita 120 kwa siku, siku sita kwa wiki, anamaliza mwaka akiwa na zaidi ya kilomita 37,000. Mwalimu anayetoka nyumbani hadi shuleni na kurudi, kilomita 20 kwa siku, hafiki hata 8,000. Namba zinaweza kuwa zimefuatana, ila injini zimepishana miaka. Na dashibodi usiiamini sana: kebo ya spidi huchomolewa kwa mkono, na dashibodi nzima hubadilishwa kwa dakika chache. Nikitaka ukweli natazama raba za kukanyagia, pedeli ya gia na mishikio ya usukani. Dashibodi ikisema 9,000 huku raba ya gia imelika mpaka chuma, naamini raba.

Jambo la pili ni ilikofanyia kazi. Huku kwetu pikipiki iliyokuwa ikipandisha abiria na mizigo milima ya Uluguru, njia za Mgeta na Matombo, huwa imechoka klachi na breki hata kama bodi inang'aa. Iliyobeba magunia ya mpunga Ifakara huwa imechoka shokapu za nyuma na bushi za mkono wa nyuma, na tope limekaa kwenye beringi. Ya ukanda wa pwani ninaiinamia chini: chumvi inakula sailensa na maungio ya fremu kwa ndani, rangi ikiwa bado nzuri juu.

Tukishakunywa chai ndiyo ukaguzi unaanza, injini ikiwa baridi. Ukienda kwa muuzaji, mwambie mapema asiiwashe kabla hujafika, na ukifika gusa bloku kwa kiganja. Ikiwa na joto, kuna kitu hakutaka ukisikie. Piga kiki taratibu kwa mguu bila kuwasha swichi: mguu unatakiwa ukutane na ukinzani, kama unakanyaga mpira uliojaa upepo. Kiki ikishuka bure, pistoni na ringi zimekwisha au valvu hazifungi. Kisha washa, iache dakika tatu, vuta mafuta halafu achia ghafla huku jicho liko kwenye sailensa. Moshi wa bluu maana yake inakula oili. Hapo kuna kuchonga bloku na kuweka pistoni mpya, na bei inashuka sana.

Mahali ninapokaa muda mrefu zaidi ni kwenye boliti za kichwa cha injini. Neno "haijafunguliwa" ndilo linalouza pikipiki kuliko maneno yote ya dalali, kwa hiyo ndilo linalosemwa uongo kuliko yote. Injini ambayo haijafunguliwa ina boliti zenye kona kali na vumbi la zamani lililoshika kwenye mifereji. Iliyofunguliwa, kona za boliti zimeviringika, kuna mng'aro ambapo spana ilipita, na ukipitisha ukucha pembezoni mwa gasketi unakuta gundi imechomoza kidogo, ya kijivu au nyeusi. Nilimshikisha yule kijana ukucha wake mwenyewe pale. Yake ilikuwa safi, na alifurahi kama mtu aliyepewa cheti.

Kufunguliwa si dhambi. Kazi ya fundi mzuri inadumu. Lakini sema, na kama una risiti za spea ziweke mezani. Mnunuzi aliyeambiwa ukweli hupunguza kidogo, ila akijigundulia mwenyewe anaondoka.

Mengine ni ya haraka. Simamisha kwenye stendi kubwa, shika shoku za mbele uzitikise mbele na nyuma; ikigonga, beringi za shingo zimekufa. Vuta cheni kutoka nyuma ya sproketi. Ikiachana na meno, au meno yamechongoka kama ya papa, seti nzima inabadilishwa. Simama nyuma yake hatua tano uangalie kama tairi mbili ziko kwenye mstari mmoja. Kama haziko, iliwahi kuanguka vibaya. Fremu iliyopinda mimi siipangii bei kabisa, naiacha.

Sasa hesabu. Usianze na pesa uliyonunulia wewe. Anza na bei ya mpya ya aina hiyo hiyo madukani wiki hii, kwa sababu ndiyo anayoifikiria mnunuzi akiwa njiani kuja kwako. Kwa iliyofanya bodaboda mwaka mmoja na kidogo, mimi huchukua asilimia 60 ya hiyo. Ya matumizi ya nyumbani kwa muda huohuo, 75 hadi 80. Kisha natoa kila kitu ambacho mnunuzi atakwenda kukilipia kwa fundi.

Ya yule kijana niliiandika kwenye kifuniko cha boksi la spea. Mpya siku hiyo ilikuwa 3,200,000. Asilimia 60 ni 1,920,000. Cheni na sproketi 40,000. Tairi la nyuma 65,000. Beringi za shingo pamoja na ufundi 25,000. Sahani za klachi na ufundi 40,000. Jumla ya matengenezo 170,000, ikabaki 1,750,000. Alikitazama kile kifuniko muda mrefu.

"Kaka, nilihesabu vibaya," akasema.

Nikamshauri tubadilishe cheni na tairi kabla ya kutangaza. Vitu vinavyoonekana kwa macho vinamtia mnunuzi hofu kuliko gharama yake: akiona meno ya papa hakati elfu arobaini, anakata laki. Vivyo hivyo kava la siti lililochanika, taa zisizowaka, breki zinazolia. Rekebisha hivyo. Usipake tangi rangi mpya, kwa sababu rangi mpya inaulizwa ajali ilikuwa wapi. Na usiioshe injini kwa mafuta ya taa, maana inayong'aa sana inaonekana imefutiwa oili iliyokuwa ikivuja. Tulitaja 1,950,000, ikauzwa 1,830,000 siku ya tisa.

Aina nayo ina uzito wake. Boxer na TVS HLX zinashika bei huku kwa sababu spea zake unazipata hadi vijijini, na kila fundi wa kijiweni anazijua. Pikipiki nzuri ambayo spea yake lazima iagizwe Dar es Salaam huchukua wiki nyingi kupata mtu. Msimu pia: Januari ada za shule zinawafanya wengi wauze kwa pamoja, bei inalegea. Wakulima wa Kilombero wakishauza mpunga, wanunuzi wanakuja na fedha mkononi. Kama unaweza kusubiri, subiri.

Karatasi ndizo zilizonifundisha kwa maumivu. Mwaka 2019 nilinunua pikipiki kwa 1,450,000 kutoka kwa dereva aliyenionyesha kadi yenye jina la mtu mwingine, akasema ni mjomba wake. Kumbe ilikuwa ya mkataba, hajamaliza kumlipa mwenye chombo. Baada ya wiki mbili mwenyewe alikuja na askari, pikipiki ikaondoka, na hela sijaiona mpaka leo. Tangu hapo, jina la kwenye kadi lisipolingana na kitambulisho cha anayeuza, namtaka mwenye jina aje mwenyewe. Kadi ikiwa bado kwa mkopeshaji, deni linalipwa mbele yetu sote kwanza. Namba ya chesisi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu na ile ya injini nazisoma tarakimu kwa tarakimu na kadi, nikipapasa kwa kidole kama kuna mahali palipopigwa tupa. Faini za barabarani naziangalia kwa namba ya usajili, zinakatwa kwenye bei.

Wewe unayeuza, usimwache mtu aondoke na pikipiki ikiwa bado kwa jina lako eti atabadilisha baadaye. Faini zake zitakuja kwako, na akigonga mtu utatafutwa wewe. Nendeni wote wawili TRA, yaani mamlaka ya mapato, na kadi halisi, vitambulisho, namba za mlipakodi na mkataba wa mauziano, na mkubaliane mapema nani analipia kuhamisha umiliki. Kwenye mkataba andikeni tarehe na saa ambayo ufunguo ulitoka mkononi mwako.